Steringi Hafi: Kisa cha Kaburi la Michael Scofield

Kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya mtaani ya kuonyeshea sinema, vya Dar es Salaam kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza aliijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, gari lake litatumbukia mtoni, lakini kabla sinema haijaisha atatokea tena, shati limechanika, na adui atakiona. Ndiyo maana aliyeingia amechelewa aliuliza kwanza, "Steringi nani?" Akishaonyeshwa, alikaa kwa amani, kwa sababu sasa alijua nani wa kutomhofia.

Mwaka 2009, sebuleni kwa kaka yangu Mwananyamala, tulikaa mbele ya deki na televisheni ya chogo kumalizia sizoni ya nne ya tamthilia ya Kimarekani, Prison Break. Diski tulinunua kwa machinga Kariakoo, ile ya kichina iliyobana sizoni nzima hadi nyuso za watu zikawa na chenga. Episodi ya mwisho ilipofika dakika zake za mwisho, maandishi yakatokea kwamba miaka minne imepita. Tukaona watu wamesimama makaburini, na kwenye jiwe jina la steringi, Michael Scofield. Kaka yangu aliinuka, akasema anakwenda kuangalia Luku, mita ya umeme, imebaki uniti ngapi. Luku ilikuwa nje, karibu na geti. Alikaa huko muda mrefu kuliko uniti zenyewe.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi tangu siku ile, na naamini watu wengi waliolalamikia mwisho huo, nami nikiwemo, tulilalamikia jambo lisilo lenyewe. Tulisema tumekasirika kwa kuwa Michael kafa. Sivyo. Hadithi ile ilistahili kifo. Tatizo ni kwamba hadi tunafikishwa kaburini, waandishi walikuwa wamekwisha kutufundisha wenyewe tusiyaamini makaburi yao.

Kwa asiyeijua, au aliyekuwa mdogo wakati ule: tamthilia hii ilibuniwa na Paul Scheuring na kuanza kuonyeshwa na kituo cha Fox cha Marekani tarehe 29 Agosti 2005. Lincoln Burrows, aliyeigizwa na Dominic Purcell, amehukumiwa kifo kwa mauaji ya ndugu wa makamu wa rais, mauaji ambayo hakuyafanya. Kiti cha umeme kinamngoja. Mdogo wake, Michael Scofield, aliyeigizwa na Wentworth Miller, ni mhandisi wa majengo. Anaingia benki na bastola, anajifanya jambazi ili afungwe gereza lile lile la Fox River, kisha amtoe kaka yake. Ramani ya gereza amejichora mwilini, imefichwa ndani ya tatuu ya malaika na mashetani. Gereza tuliloliona lilikuwa gereza la kweli, Joliet katika jimbo la Illinois, ambalo lilikuwa limefungwa tangu 2002.

Huku kwetu sizoni ile haikuja kwa kituo cha televisheni. Ilikuja mfukoni mwa watu. Mmoja alinunua, akaazimisha mtaa mzima, diski ikarudi imekwaruzwa. Kijana mwenye akili za mitego aliitwa Scofield, na mwenye tabia chafu aliitwa T-Bag, kama yule mfungwa wa Fox River, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mimi niliishika kwa sababu nyingine pia: ilikuwa hadithi ya mdogo anayemwokoa mkubwa. Kwa mtu aliyelelewa na kaka, aliyelipiwa ada na kaka, kuona mdogo akilipa deni la namna hiyo ni jambo linalokaa rohoni.

Sasa tazama sizoni ya kwanza ilivyojengwa, maana hapo ndipo ahadi ilipowekwa. Michael anafungua skrubu kwenye benchi la uwanjani, anainoa hadi inakuwa ufunguo wa kung'oa sinki la choo chumbani mwake. Jina na namba ya skrubu hiyo vimo kwenye tatuu. Anajifanya mgonjwa wa kisukari ili kila siku apelekwe zahanati ya gereza kuchomwa insulini, na ili vipimo visimuumbue anameza dawa ya kuizuia insulini hiyo isifanye kazi. Zahanati ndiko njia ya kutokea ilipo, na ndiko aliko daktari Sara Tancredi. English, Fitz, Percy: kwenye tatuu yanaonekana kama majina ya watu, kumbe ni barabara tatu zinazopita nje ya ukuta, na inabidi kujua polisi watawahi kuifikia ipi ili wakimbilie nyingine.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu ndiyo mkataba wetu na hadithi. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa mwilini mwa mtu kabla episodi ya kwanza haijaanza. Mpango ulivurugika kila siku, bomba lilibadilishwa, mlinzi alibadilishwa zamu, lakini mtazamaji alijua kwamba mwenye hadithi anajua aendako. Na tuliowaona wakifa, walikufa. Mzee Westmoreland, aliyefuga paka gerezani, alivuja damu hadi akafa usiku wa kutoroka, basi. John Abruzzi, bosi wa kimafia, alipigwa risasi mwanzoni mwa sizoni ya pili, basi. Hakuna aliyerudi kutuambia kwamba ile ilikuwa damu ya mtu mwingine.

Sizoni ya pili ni ya mbio. Wanane wametoka, na Alexander Mahone wa FBI yuko nyuma yao, mtu mwenye akili inayolingana na ya Michael. Wengi huiona dhaifu kuliko ya kwanza. Mimi siioni hivyo, kwa sababu Mahone alikuwa akiisoma tatuu ile ile tuliyoisoma sisi. Mkataba ulikuwa bado hai. Mwishoni mwa sizoni hiyo, Aprili 2007, Paul Kellerman, wakala wa siri aliyekuwa upande wa maadui, anatoa ushahidi mahakamani na Lincoln anasafishwa. Kazi iliyomwingiza Michael gerezani imekwisha. Kule Panama, Sara amemuua mtu kwa risasi, na Michael anajitwika kosa hilo na kujisalimisha. Anatupwa katika gereza la Sona.

Kwangu mimi, hadithi iliisha hapo. Kaka yuko huru, mdogo amejitoa kwa ajili ya ampendaye. Ungefunga kitabu, watu wangegombana miaka kumi kuhusu kama alitoka Sona au hakutoka, na ugomvi huo ungekuwa mtamu.

Lakini jina la tamthilia ni Kuvunja Gereza. Jina lenyewe lilikuwa deni: lazima pawe na gereza, lazima livunjwe. Kwa hiyo Sona ikawa sizoni ya tatu, na mgomo wa waandishi wa Marekani, ulioanza Novemba 2007 na kwisha Februari 2008, ukaikata ikabaki na episodi 13 badala ya 22. Mtu unaweza kuisamehe. Ambacho hakisameheki ni sanduku.

Katika sizoni hiyo, Sarah Wayne Callies, aliyemwigiza Sara, hakuwamo tena. Waandishi wakaamua Sara auawe, na Lincoln akaletewa kichwa chake kwenye sanduku. Nakumbuka mtaani watu waliacha kuangalia kwa hasira. Jirani yetu mmoja alimrudishia machinga diski kana kwamba machinga ndiye aliyemchinja. Ilikuwa mbaya, ya kikatili, lakini ilikuwa na uzito: sasa Michael alikuwa mtu aliyepoteza.

Kisha sizoni ya nne ikaja, na Sara akaja nayo. Kile kichwa kumbe kilikuwa cha mwanamke mwingine. Tulishangilia, nakiri. Kaka alipiga meza. Hakuna aliyegundua jioni ile kwamba tumeuziwa kitu na bei yake tutailipa baadaye.

Tangu hapo makaburi yakawa milango. Mama yao Michael na Lincoln, Christina, ambaye tangu mwanzo tuliambiwa alifariki wakiwa wadogo, akatokea yuko hai, tena adui. Kellerman, ambaye mwishoni mwa sizoni ya pili mlango wa gari la mahabusu ulifunguliwa na risasi zikasikika, akatokea episodi ya mwisho kabisa, suti safi, anagawa misamaha. Hesabu mwenyewe: watu watatu muhimu, wote "marehemu", wote wamerudi ndani ya sizoni moja.

Jambo jingine la sizoni ya nne halikunipa maana wakati ule: katika episodi yake ya kwanza kabisa Michael anafutwa tatuu. Wamepewa kazi ya kusaka Scylla, hazina ya siri za Kampuni, lile kundi la siri lililomwangusha Lincoln, na mtu anayejificha hawezi kutembea na mwili unaotambulika dunia nzima. Kwa hadithi inaeleweka. Kwa waigizaji pia inaeleweka, maana kuibandika tatuu ile ilikuwa kazi ya masaa. Lakini tazama kilichofutwa: ile ahadi kwamba mwisho umekwisha kuandikwa. Kuanzia hapo ni kadi sita za kukusanya, kisha Scylla imeibwa, kisha aliyewatuma kazi ni msaliti, kisha msaliti amesalitiwa. Fox nao, katika miezi ya mwisho, wakaihamishia Ijumaa usiku, ambako vituo vya Marekani huzoea kupeleka vipindi vinavyochungulia kaburi.

Ndipo tukafika tarehe 15 Mei 2009. Kwa bahati ya kalenda, sizoni ya kwanza iliisha tarehe 15 Mei 2006, Michael na wenzake wakikimbia gizani na ndege iliyokuwa iwachukue ikiwaacha chini. Miaka mitatu kamili baadaye Michael yuko huru, yuko na Sara mwenye mimba, na pua inamtoka damu. Tulikuwa tumeonyeshwa uvimbe kwenye ubongo wake ndani ya sizoni hiyo hiyo, na amepasuliwa. Damu ile ya puani, kisha miaka minne, kisha jiwe. Sara na mtoto aliyepewa jina la baba yake, Lincoln, Sucre aliyefungwa chumba kimoja na Michael, na hata Mahone, wamesimama. Ndege wa karatasi, wale aliokuwa akiwakunja Michael, amewekwa pale.

Kwenye diski yetu ndiyo ilikuwa mwisho. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa sisi tulijua Michael kafa kwa maradhi. Mtu ametoroka Fox River, ametoroka Sona, ameishinda Kampuni yenye marais mfukoni, kisha anakufa kwa uvimbe, nje ya kamera, kati ya maandishi mawili. Hicho ndicho kilichomtoa kaka yangu nje kwenda kuhesabu uniti. Mgonjwa anakufa popote. Huhitaji episodi themanini za werevu ili kumfikisha hapo.

Baadaye akaja mwenzetu mmoja na diski nyingine, iliyoitwa The Final Break. Huko Marekani ilitoka kwenye DVD Julai 2009. Kwetu ilifika kwa mwendo wake. Inaeleza kilichojiri ndani ya ile miaka minne. Sara anakamatwa kwa kumuua Christina, anafungwa gereza la wanawake Miami, na Jenerali wa Kampuni anaweka dau juu ya kichwa chake. Michael anapanga kutorosha mara ya mwisho. Mlango mmoja haufunguki. Ili ufunguke, lazima mtu alipue mfumo wa umeme kwa mkono wake. Anaufungua, Sara anatoka, yeye anabaki. Katika ujumbe wa video aliouacha anasema uvimbe umerudi, kwamba siku zake zilikuwa zinahesabika.

Hapo mimi na kaka tukagawanyika. Yeye alishika kwamba ni jambo lile lile: amekufa, basi, na diski ya pili ni mbinu ya kutuuzia mara mbili. Mimi nilisema hapana, kaka, tazama vizuri. Sizoni ya kwanza yote ni mbio za kumwondoa Lincoln kwenye kiti cha umeme. Mdogo alimtoa mkubwa kwenye umeme, akaja kuuingia yeye mwenyewe, kwa hiari, nyuma ya mlango wa gereza, kwa ajili ya mtu mmoja. Kama kuna kifo kilichoandikwa kwenye tatuu ile bila sisi kukiona, ni hicho. Na aliingia Fox River kwa hiari. Kutoka duniani kwa hiari kupitia gereza jingine ni kuufunga mlango ule ule.

Alinijibu, "Mdogo wangu, kama kilikuwa kizuri hivyo, mbona walikiweka kwenye diski nyingine?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo naona ndilo swali kali kuliko yote kuhusu mwisho huu. Kifo kilichostahili kilikuwepo. Walikiandika, wakakipiga picha, kisha wakakitenga na episodi ambayo ulimwengu mzima ungeiona. Watu wengi wa mtaa wetu hawakuipata kamwe ile diski ya pili. Ukikaa nao leo watakwambia Scofield aliuawa na kichwa.

Kuna wanaosema kosa ni kumuua steringi, eti watu wanataka furaha baada ya dhiki. Sikubali. Watu wetu wamekulia hadithi ambazo wakubwa wake wanakufa. Fumo Liyongo alichomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu waliogopa kumsogelea kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Hakuna anayesimulia kisa cha Liyongo akalalamika kwamba hakupona. Tunalia, tunaendelea. Sababu ni kwamba siri ya kifo chake ilitajwa mapema, na alipokufa alibaki amekufa.

Miaka minane ikapita. Aprili 2017 Fox wakaleta sizoni ya tano, episodi tisa. Michael yuko hai, yuko gerezani Sana'a, Yemen, chini ya jina la Kaniel Outis. Nisiwe mchoyo: kuna mchezo mzuri humo. Outis kwa Kigiriki cha kale ni "hakuna mtu", jina ambalo Odysseus, shujaa wa utenzi wa kale wa Wagiriki, alijitaja kwa jitu lenye jicho moja. Gereza linaitwa Ogygia, kisiwa alikozuiliwa Odysseus. Adui anaitwa Poseidon, jina la mungu wa bahari aliyemwandama Odysseus. Na Sara anaishi Ithaca, mji ulio jimbo la New York, wenye jina la nyumbani kwa Odysseus. Ni hadithi ya mume anayerudi baada ya miaka mingi na kumkuta mwanamume mwingine nyumbani, na mwanamume huyo, Jacob, ndiye Poseidon mwenyewe. Aliyeipanga alikaa chini akafikiri. Kwa mara ya kwanza tangu sizoni ya pili nilihisi kuna ramani.

Na mwisho wake ni wa furaha. Michael anarudi kwa mkewe na mwanawe, Poseidon anaishia Fox River, chumba kimoja na T-Bag, ambaye ana kisasi chake. Sheria ya kibanda umiza imerejeshwa: steringi hafi, adui amelipa. Ungedhani tungefurahi.

Nilimpelekea kaka yangu episodi zote kwenye flashi. Wakati huo alikuwa amehamia Morogoro, ana watoto wawili na deki ile alishaigawa. Nikamsihi aangalie angalau ile ya kwanza. Siku mbili baadaye akanipigia. Alikuwa amefika pale T-Bag anapomletea Lincoln picha, Lincoln anachukua koleo na kwenda kulifukua kaburi la mdogo wake. Jeneza linafunguliwa. Ndani hamna mtu, kuna suti tu.

"Umeiona?" nikamuuliza.

"Nimeiona." Nilisikia mtoto akilia nyuma yake, naye akimtuliza. Kisha akarudi kwenye simu. "Mdogo wangu, hebu niambie. Kwa hiyo siku ile mimi nilimlilia suti?"

Flashi alinirudishia Idi iliyofuata. Episodi nane zilizobaki hakuzigusa.